Kufunga paneli ya swichi za ziada kwenye Land Cruiser ya safari

Magari ya utalii hapa Arusha huongezewa kila kitu: friji, redio koli, spotilaiti, chaji za kamera za wageni. Ukivining'iniza vyote kwenye fyuzi za kiwandani, utaunguza nyaya. Viwekee paneli yake.

1. Pima umeme kwa mita kabla hujanunua chochote. Usikadirie kwa kuona betri mbili: zikifungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi bado ni volti 12, zikifungwa mfululizo ni 24, na friji ya 12 itaungua.

2. Piga hesabu: wati gawanya kwa volti, unapata ampia. Kwenye volti 12, spotilaiti mbili za wati 55 kila moja ni ampia 9 na ushee. Zipe fyuzi ya 15 na waya wa milimita 2.5 za mraba. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, isipite kwenye paneli hii kabisa. Ya wati 1000 huvuta zaidi ya ampia 80, itafutie waya wake mnene na fyuzi yake.

3. Fungua hasi ya betri.

4. Vuta waya mkuu kutoka chanya hadi kwenye paneli, milimita 10 za mraba, fyuzi ya 40. Fyuzi hii ikae shubiri moja tu kutoka betri. Inalinda waya, si taa. Ukiificha ndani ya kabini, kipande chote kati yake na betri kikigusa bodi, gari linawaka moto.

5. Hapa usiwe na haraka: waya unapovuka bati la kati ya injini na kabini. Barabara ya vumbi ya Ngorongoro kwenda Naabi hutikisa gari mpaka ukingo wa bati unageuka msumeno. Chungulia upande wa pili kabla ya kutoboa. Piga tupa kingo za tundu, paka rangi zisishike kutu, weka raba, kisha vika waya bomba la plastiki na uubane usicheze.

6. Spotilaiti zipitie rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Pini zake zina namba: 30 inapokea umeme wenye fyuzi, 87 inakwenda taani, 86 inatoka kwenye swichi, 85 ni ethi, yaani inafungwa kwenye bodi ya gari. Kwa ethi, kwangua rangi mpaka bati ling'ae. Viungo vya kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu mimi sivikubali. Bana terminali kwa koleo lake.

7. Rudisha hasi, washa kimoja kimoja. Taa ikiwa inawaka, pima volti kwenye betri, kisha kwenye taa yenyewe. Zikitofautiana zaidi ya nusu volti, anza kuikagua ethi.