Ulitumia kondomu na bado hulali? Hivi ndivyo utajua kama kuna hatari

Huku Kisumu kwa vijana ninaokaa nao hilo swali linakuja karibu kila wiki, na kila mtu analianza vilevile, "nilitumia mpira lakini…" Hiyo lakini ndio kila kitu. Kuna mwenye mpira ulikaa vizuri mwanzo mpaka mwisho na bado anakonda kwa mawazo, akijikuna kidogo anaona tayari ni ugonjwa, halafu kuna mwingine ametulia tuli na kumbe ndiye alifaa kuwa hospitali jana. Kwa hivyo kabla uanze kugugo dalili usiku wa manane, chukua simu uandike mambo matatu: ilikuwa siku gani saa ngapi, mlifanya nini hatua kwa hatua, na mpira ulikuwa aje mlipomaliza. Usijidanganye hapo, hakuna mtu atasoma.

Naanza na saa kwa sababu hiyo haingoji mtu. Kama mpira ulipasuka, uliteleza ukabaki ndani, ama mlianza bila na mkavaa katikati, na hujui hali ya HIV ya mwenzako, kuna dawa ya kuzuia HIV inaitwa PEP. Lazima uianze ndani ya masaa 72 na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake, halafu unameza siku 28 bila kuruka. Kijana mmoja wa boda alinijia Jumatatu saa mbili asubuhi, mambo yalikuwa ya Ijumaa saa tano usiku. Tukahesabu pamoja: masaa 57 yameisha, amebaki na 15. Alikuwa anapanga kwanza afanye kazi mpaka jioni ndio aende. Nilimwambia omera, weka hiyo piki chini twende saa hii. Hospitali za serikali PEP ni bure, iwe ni ile kubwa ya rufaa tunayoita Russia ama Lumumba, ukifika uliza CCC, yaani kliniki ya HIV, ama chumba cha kupima HIV, na kama ni usiku ama wikendi nenda kwa upande wa dharura. Watakupima kwanza, lakini hicho kipimo cha siku hiyo kinaonyesha mambo ya zamani, ya usiku huo hayawezi kuonekana bado. Dada kama mimba nayo ni wasiwasi, P2, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba, pia inafanya kazi vizuri ukiimeza mapema, usingoje kesho.

Na kama ulilazimishwa, ama mtu alitoa mpira kisirisiri bila wewe kukubali, hilo si kosa lako hata kidogo. Nenda hospitali moja kwa moja, kama unaweza usioge kwanza, waambie vile ilivyofanyika, utapewa hizo dawa zote na ushahidi uwekwe.

Sasa mpira wenyewe. Ulivaliwa kabla sehemu za siri ziguse? Mlipaka nini? Vasilini, mafuta ya nazi, losheni, hizo zote zinaharibu mpira wa kawaida haraka sana na unaweza kupasuka msijue, tumia maji safi ama ile jeli ya maji ya kemisti. Ulikuwa umekaa kwa waleti miezi mingapi na hili joto letu? Mlivaa miwili pamoja mkidhani ndio salama zaidi? Inasuguana, inapasuka. Kama bado unao na una shaka ujaze maji uone kama unavuja. Mpira ukipasuka vizuri vizuri mara nyingi unaona wazi, ni kipande kimeraruka, si katundu kadogo ka kuwaza wiki mbili.

Kama ulikaa sawa, basi tuongee ukweli kuhusu kile unazuia. Kwa magonjwa yanayopita kwa majimaji, yaani HIV, kisonono, klamidia na trikomona, kondomu iliyovaliwa vizuri inazuia sana, hatari yako ni ndogo na hapo PEP kwa kawaida haihitajiki. Shida ni yale ya ngozi kwa ngozi: kaswende, hepesi, HPV, kirusi kinacholeta masundosundo sehemu za siri na saratani ya mlango wa kizazi, na wale chawa wa mavuzi. Mpira unafunika uume peke yake. Mapaja, korodani, mashavu ya uke, hapo pote panagusana, na kidonda kikiwa sehemu haijafunikwa kinaweza kukuambukiza. Inapunguza hatari, haimalizi.

Halafu mdomo, hapa ndipo watu wengi wanasahau kabisa kuhesabu. Mtu anasema "tulitumia kinga" na kumbe kwa mdomo hawakutumia kitu. HIV kwa njia hiyo ni nadra sana, lakini kisonono inaingia kooni na inakaa huko bila dalili, kaswende na hepesi pia zinapita. Kubusiana, jasho, kushikana kwa vidole, HIV haipiti hapo, hayo yatoe kwa orodha ya stresi.

Mwenzako akikuambia anaishi na HIV, anameza dawa vizuri na vipimo vya hospitali vinaonyesha virusi havionekani, hatakuambukiza HIV kwa ngono. Huo ni ukweli uliothibitishwa na ningependa watu wa hapa kwetu waache kuwakimbia hao watu. Na tohara, wanaume, tusidanganyane. Utafiti uliofanyiwa hapa hapa Kisumu ulionyesha inapunguza uwezekano wa mwanaume kupata HIV kutoka kwa mwanamke kwa zaidi ya nusu, lakini kwa kisonono na klamidia haikusaidia.

Kitu kinaniuma ni hii tabia ya kupita kemisti kununua doksi, ile antibiotiki ya doxycycline, na sindano "ya kusafisha." Kulikuwa na utafiti hapa Kisumu na wanawake 449, karibu nusu yao wakapewa doksi ya kumeza baada ya ngono, matokeo yakatoka 2023, na haikupunguza maambukizi kwao, ingawa vipimo vya nywele vilionyesha wengi hawakuwa wanaimeza vile walivyoambiwa. Ukimeza dawa kiholela bila kupimwa unaweza kuficha dalili na ugonjwa ubaki ndani.

Sasa lini upimwe. Kisonono na klamidia, ngoja kama wiki 2, mkojo ama swabu, na uombe waziwazi, kwa sababu kliniki nyingi zetu zinatibu kwa kuangalia dalili tu, usipokuwa na dalili unaambiwa uko sawa, na klamidia mara nyingi haina dalili yoyote hasa kwa wanawake. Kama mlitumia mdomo sema pia, wachukue swabu ya koo kama wanayo. HIV pima wiki 6 halafu miezi 3, hicho cha miezi 3 ndicho unafunga nacho kesi, na kama ulimeza PEP daktari atakupangia tarehe zake. Kaswende pia wiki 6 na miezi 3, kidonda chake hakiumi na kinapona chenyewe, watu wanafikiri imeisha kumbe imeingia damuni. Muulize daktari pia kuhusu chanjo ya hepatitisi B kama hujawahi kuchanjwa.

Hizo tarehe ni za mtu hana dalili. Ukiona usaha, kidonda, malengelenge, mkojo unachoma, korodani limeuma ghafla, ama dada tumbo la chini linauma na una homa, enda siku hiyo hiyo.

Ukitumia kile kipimo cha mate cha kujipima nyumbani, usile wala kunywa kitu dakika 15 kabla, na usome matokeo ndani ya muda ulioandikwa kwa pakiti, si asubuhi ukiamka. Mistari miwili, hata kama wa pili umefifia, haimaanishi tayari una HIV, inamaanisha uende kituoni upimwe tena kwa damu. Na mpaka upate majibu yote endelea na mpira kila mara, hata na yule wa nyumbani, na kama kumwambia ni ngumu muombe mhudumu wa hapo kituoni akusaidie, wameshafanya hiyo kazi na wengi.