Somo: Kupiga kambi na watoto Bonde la Rhine (naeleza mara ya mwisho)

Likizo ya shule ikikaribia tu, simu inajaa: "Mama Salma, kule Rhine mlifanyaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nazungumzia kipande cha Bingen hadi Koblenz, Ujerumani: kilomita kama 65, ngome zipatazo 40, Urithi wa Dunia tangu 2002.

1. Weka nafasi kambini mapema. Usitegemee kupiga hema porini, hairuhusiwi.

2. Hema, mifuko ya kulalia, magodoro, jiko la gesi na mtungi wa akiba, tochi. Mwiko wa ugali pia, msinicheke.

3. Pa kusimika hema. Hapa ndipo nilipoumbuka. Niliona picha: mto mbele, ngome juu kilimani, nikalipia siku nne. Sikuangalia nyuma ya hema kuna nini. Kulikuwa na reli. Bonde ni jembamba, reli zimepita kingo zote mbili, na ukingo wa kulia, wa Kaub na St. Goarshausen, ndio wenye treni nyingi za mizigo, usiku kucha. Saa nane usiku mabehewa yanapita, ardhi inatetemeka, mdogo analia, baba yao kanyamaza kimya kile mnachokijua. Siku ya pili tukang'oa hema, pesa haikurudi. Kwa hiyo fungua ramani, tafuta mstari wa reli kabla ya kulipa. Kuhamia ng'ambo hakutoshi, reli iko huko pia. Panda juu uwandani au ingia bonde la pembeni. Na mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, usikae ukingoni kabisa, Rhine hufurika.

4. Kuvuka. Toka Wiesbaden mpaka Koblenz hakuna daraja hata moja, ni pantoni tu. Waliokaa Kigamboni kabla ya 2016 wanaelewa. Angalia pantoni ya mwisho ni saa ngapi.

5. Ngome mbili kwa siku zinatosha, watoto wana miguu mifupi. Anzeni na Marksburg, Braubach.

MASWALI

— Dada, tunaweza kulala popote tukiwa na hema letu?
Hatua ya 1.

— Tumeshalipia Kaub, mita chache toka mtoni. Kelele ni kweli au unatutisha?
Kaka, mimi nililala pale, wewe hujalala. Nunua vizibo vya masikio.

— Shikamoo mama. Kwa nini ngome nyingi hivyo sehemu moja?
Marahaba mwanangu, swali zuri. Ushuru. Mto ulikuwa barabara ya biashara, kila mtawala mdogo akataka chake. Pale Kaub kuna Pfalzgrafenstein, imejengwa katikati ya maji kama meli, kazi yake kudai ushuru. Nyingi zililipuliwa na Wafaransa mwaka 1689, ndiyo maana utaona magofu. Zile zinazong'aa kama Stolzenfels zilijengwa upya karne ya 19 na Waprusi waliopenda mambo ya kale. Marksburg haikubomolewa kamwe, ndiyo maana nimesema muanze nayo.

— Mama Salma, chakula Jumapili?
Nunua Jumamosi, maduka yanafungwa. Na msitupe chupa za plastiki za maji, nyingi zina senti 25 ukizirudisha dukani. Wanangu walizunguka kambi nzima wakiziomba, wakajilipia aiskrimu Bacharach. Mwenye kambi alidhani nimewatuma.