Kusukuma adenosini kwa mgonjwa wa SVT: sirinji moja au mbili?

Hii ni kwa manesi na madaktari wanaokaa emagensi. Mgonjwa kaja na SVT, yaani moyo unakimbia ghafla kwa hitilafu ya umeme wake wa sehemu ya juu, mapigo 190 kwa dakika, kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo) mapigo yana mpangilio na kompleksi, yaani mawimbi ya kila pigo, ni nyembamba, presha ipo sawa, umeshamwambia abane pumzi na kujikamua, ukamlaza miguu juu, na bado. Hapo ndo adenosini inaingia, dawa ya mshipani inayokata umeme wa moyo kwa sekunde chache ili mapigo yarudi kawaida. Kama presha imeshuka au fahamu zinapotea usihangaike na sirinji, huyo anahitaji shoti ya umeme.

Shida ya adenosini ni kwamba nusu yake inaisha kwenye damu chini ya sekunde 10, chembe za damu na kuta za mishipa zinaimeza njiani, kwa hiyo ukiisukuma kizembe haifiki kwenye moyo ikiwa na nguvu, halafu mtu anasema dawa imegoma wakati haikufika! Ndo maana kanula iwe ya kijani au basi ya pinki, kwenye mkunjo wa kiwiko, mkono wa kulia ukiweza. Ya bluu mgongoni mwa kiganja achana nayo kabisa.

Njia ya zamani ni sirinji mbili na koki ya njia tatu. Moja ina dawa 6 mg (mara nyingi ni ml 2), nyingine salaini ml 20, unasukuma dawa, unageuza koki, unafyatua salaini hapo hapo huku mkono umeinuliwa. Inafanya kazi vizuri ila kasheshe iko kwenye ile koki, ukiigeuza upande siyo, au mwenzako wa salaini akachelewa kidogo tu, dawa imekaa pale mkononi inakufa.

Njia ya sirinji moja unavuta dawa ml 2 na salaini ml 18 kwenye sirinji ya ml 20, unasukuma yote kwa mkupuo mmoja bila kupumzika katikati. Watu wanaogopa eti dawa itakuwa nyepesi, lakini miligramu ni zile zile na tafiti ndogo zilizolinganisha hazijaonyesha kwamba inashindwa na ya koki. Mi naipendelea hii hasa mkiwa wawili tu zamu ya usiku, hakuna cha kugeuza wala kusubiriana. Tumia sirinji ya kuskrubu maana ile presha inaweza kuichomoa.

Isipokubali baada ya dakika 1 au 2 nenda 12 mg, yaani ml 4 za dawa na 16 za salaini. Kama dawa inapita mshipa mkubwa wa shingoni, au mgonjwa anatumia dipyridamole au carbamazepine, anza na 3 mg. Mwenye pumu inayombana usimpe, na mapigo yakiwa hayana mpangilio na kompleksi ni pana usiguse kabisa.

Kabla hujasukuma mwambie mgonjwa atabanwa kifua na kuhisi kama anakufa kwa sekunde chache, itapita, msimamie umshike mkono. Pedi za shoti ziwe zimeshabandikwa, na ECG iwe inaprinti muda wote, maana hata moyo usipotulia ule mkanda unaweza kukuonyesha kumbe ilikuwa flata (atrial flutter, aina nyingine ya moyo kukimbia).