Diwani ushampigia kura, sasa mtaro wa mtaani unaufatilia wapi? (Kwa watu wa Tanga)

Kila uchaguzi ukiisha malalamiko ni yaleyale, mtu wa Makorora anakwambia sie tulimchagua fulani mbona mtaro bado, ukimuuliza ulipeleka wapi anasema nilimwambia diwani tulipokutana msibani. Msibani jamani! Mtu yuko kwenye kuzika wewe unampa habari za mtaro.

Anza na kujua nani ulimchagua na lini, mana watu wanachanganya. Kura ya Novemba 27, 2024 ndo ilotupa mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake, kule vijijini mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na ile walosimamia ni TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Diwani hakutoka huko, yeye katoka uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 pamoja na mbunge na rais. Wote miaka mitano, ila hawaanzi pamoja wala hawamalizi pamoja.

Halafu kuna ambao hujawachagua kabisa. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri wanateuliwa na rais, watendaji wa kata na mitaa ni waajiriwa tu. Na mkurugenzi ndo mwenye kusimamia hela za halmashauri, kwa hiyo usimdharau, ila pia usimtegemee yeye binafsi, maana wakurugenzi nao ni kama ule msemo wetu, waja leo waondoka leo, akihamishwa ahadi ya mdomo kaondoka nayo. Kilichoandikwa ndo kinabaki.

Meya je? Humchagui wewe. Madiwani wakishaapishwa wanakaa kikao cha kwanza wanamchagua wao kwa wao, na naibu wake, huyo naibu anachaguliwa upya kila mwaka. Pangani, Muheza na Mkinga hakuna meya, kuna mwenyekiti wa halmashauri na makamu. Mkoa wetu una halmashauri 11 kwa hiyo hakikisha yako ni ipi, Korogwe na Handeni kila moja ina mbili, ya mji na ya wilaya, na Lushoto kuna Bumbuli pembeni, mtu anaweza kupeleka barua kwa jirani akasubiri mpaka achoke. Ukitaka kujua nani ana nguvu kwenye baraza la madiwani usihesabu madiwani wa kata peke yao, kuna wa viti maalum na mbunge naye ni mjumbe. Walokuwepo mjini 2015 wanakumbuka umeya ulivyozua mzozo kati ya CUF na CCM.

Haya, mtaro. Kabla hujaandika chochote uliza mtaro wenyewe ni wa nani, ukiwa wa barabara za mitaani hao ni TARURA, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, bomba la maji ni Tanga UWASA. Mie nilizungusha barua ya taa za barabarani miezi kadhaa, kila ofisi nzuri sana, karibu mzee kaa, mwisho naambiwa hapa sipo. Ukishajua, unaenda kwenye mkutano wa mtaa, unasema, na unahakikisha imeandikwa kwenye muhtasari, hapo ndo wengi tunapoteleza, tunaongea vizuri tunapigiwa makofi tunaenda kunywa kahawa na hakuna alieandika. Kutoka hapo inapanda kamati ya maendeleo ya kata, diwani ndo mwenyekiti, mtendaji wa kata ndo katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, so wa kwako mbane aisemee. Ikitoka kata ndo inaingia halmashauri. Na wahi, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti inapangwa miezi kadhaa kabla, ukija mwezi wa sita umechelewa, subiri mwakani.

Baraza la madiwani unaruhusiwa kwenda kusikiliza, unakaa nyuma huongei. Nenda hata mara moja, utaona diwani wako anauliza maswali au anasinzia.

Walioko vijijini mna nguvu kuliko sisi wa mitaani na wengi hamjui. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe pale. Ardhi ya kijiji mwenyekiti hana ruhusa ya kuigawa peke yake kama shamba la babake, kuna sheria ya 1999, inapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu unaidhinisha. Ukisikia eneo la malisho limeshapimwa na mkutano haujawahi kukaa, omba muhtasari. Uombe kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo yako weka nyumbani, usimwachie mtu akutunzie.