Kutia utani wa siri kwenye programu yako ya terminali

Kijana ninayemsaidia kutunza programu yake huria ya kupanga faili alitaka kutia mchezo ndani yake: anayejua neno la siri aliandike, ategewe kitendawili. Tulifanya hivi, kwa Python.

Hatua ya 1: Chagua utani. Uwe mfupi, usihitaji intaneti wala maktaba ya ziada. Sisi tulichukua "Nyumba yangu haina mlango". Mchezaji anajibu kwa `tega yai`. Akishindwa anaambiwa "Nipe mji", naye anatoa: `tega --mji Tanga`.

Hatua ya 2: Ficha amri. Kazi iko hapa. Wengi huongeza `tega` kwenye argparse (maktaba ya Python inayosoma amri anazoandika mtumiaji) kama amri ndogo isiyo na maelezo, wakidhani imefichika. Haijafichika: jina linabaki kwenye mstari wa matumizi (usage) unaotokea juu ya msaada, pamoja na amri nyingine. Ukiweka `metavar="AMRI"` linatoka hapo, lakini mtu akikosea kuandika amri yoyote, ujumbe wa kosa unamtajia amri zote, na `tega` imo. `argparse.SUPPRESS` nayo inafaa kwa machaguo yenye vistari, kama `--tega`; ukiitumia kwa amri ndogo, matoleo mengi yanachapisha neno `==SUPPRESS==` kwenye orodha, na siri imeisha.

Mimi siipeleki kwa argparse kabisa. Ikamate mwanzoni mwa `main()`:

```
if sys.argv[1:2] == ["tega"]:
    from .siri import tega
    return tega(sys.argv[2:])
```

Hiyo `import` imekaa ndani ya `if` makusudi, ili asiyecheza asicheleweshwe hata kidogo programu inapowaka. Jibu liandike kwa ROT13, yaani kila herufi isogezwe nafasi 13 kwenye alfabeti, kama Python ilivyoficha kanuni zinazotokea ukiandika `import this`. `codecs.decode("lnv", "rot13")` inatosha, na anayesoma msimbo haharibiwi mchezo.

Hatua ya 3: Usiguse amri za kawaida. Hapa sina mjadala. Utani usitokee kwa tarehe, kwa saa, wala kwa bahati nasibu. Amri ya `man` ya Linux, inayoonyesha miongozo ya amri nyingine, ilikuwa ikiandika "gimme gimme gimme" saa sita na nusu usiku. Mwaka 2017 ikagundulika imeangusha majaribio ya kiotomatiki ya mtu, na mtunzaji wake akauondoa utani huo. Tarehe 25 Desemba 2018, Ant Design, maktaba ya vipande vya kujengea tovuti, ilimwagia theluji vitufe vya tovuti za watu ambao hawakuiomba. Mtumiaji aliyeandika amri ya kazi apewe kazi.

Hatua ya 4: Jaribio. Hakikisha neno `tega` halimo kwenye `--help` wala kwenye ujumbe wa kosa.

Hatua ya 5: Waambie wenzako. Andika wazi kwenye maelezo ya komiti, yaani badiliko la msimbo unalolihifadhi. Msimbo uliofichwa hata watunzaji wenza unafanana na mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia mfumo. Watumiaji waachie fununu tu. Msaada wa `apt`, amri ya kusakinisha programu kwenye Debian na Ubuntu, unajisifu kuwa una nguvu za ng'ombe, na mdadisi akijaribu `apt moo` anachorewa ng'ombe. Sisi tuliweka mstari mmoja chini ya `--help`: "Vitendawili pia vipo."