Kabla hujashuka Firenze na shanta mgongoni

Safari ya begi mgongoni ina raha yake: unaamua leo jioni utalala wapi kesho. Mji ukikuvutia unaongeza siku, ukikuchosha unapanda treni. Nimezunguka hivyo sehemu nyingi za Italia bila tatizo. Firenze ndiyo iliyonikwamisha.

Nilishuka stesheni ya Santa Maria Novella Jumatatu asubuhi, nina siku moja na nusu mkononi na sina tiketi ya kuingia popote. Makumbusho mawili makubwa ya mji, Uffizi na Accademia, hufungwa Jumatatu. Kupanda kuba la kanisa kuu kunataka nafasi ya siku na saa maalumu, na nafasi za kesho yake zilikuwa zimekwisha. Nikazunguka nje, nikapiga picha za milango, nikaondoka. Ilinichukua miaka miwili kurudi. Mara ya pili nilijiandaa, na tangu hapo kila anayeniambia atapitia Firenze humweleza haya kabla hajalipa nauli.

Fungua kalenda kwanza. Usiziweke siku zako zikaangukia Jumapili na Jumatatu, maana Jumapili asubuhi makanisa yako kwenye ibada na hayapokei watalii, na Jumatatu umeshaisikia. Kuna Jumapili moja inayovutia mfuko: ya kwanza ya kila mwezi, makumbusho ya serikali nchini Italia huwa bure. Siku hiyo foleni hujikunja barabarani tangu asubuhi. Mwenye wiki nzima mjini na aende, ila mwenye siku mbili asiichezee.

Kisha chagua vitu vitatu vya kukatia tiketi mapema mtandaoni, na mengine uyaache yajitokeze yenyewe. Kwangu mimi vitatu hivyo ni kuba, Accademia na Uffizi, na kuba ndilo la kutangulizwa kwa sababu nafasi zake ni chache. Kanisa kuu lenyewe, Santa Maria del Fiore, lilianza kujengwa mwaka 1296, likakaa miongo mingi na tundu kubwa juu kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kulifunika. Filippo Brunelleschi alianza kazi mwaka 1420 na akaimaliza 1436, akipandisha matofali bila jukwaa la mbao la kulishikilia kuba kutokea chini. Alijenga maganda mawili, moja ndani ya jingine, na wewe unapopanda unapita katikati yake. Ngazi ni 463 na lifti hakuna. Njia ni nyembamba, kuta zinainama kadiri unavyopanda, na ukishaanza si rahisi kugeuka kwa sababu nyuma yako kuna watu. Mwenye maradhi ya moyo au anayebanwa na pumzi mahali penye finyu na ajue hilo kabla hajalipa. Kuingia ndani ya kanisa lenyewe hakuna malipo, foleni tu.

Accademia watu huenda kwa ajili ya Daudi, sanamu aliyoichonga Michelangelo kati ya 1501 na 1504 kutoka pande la marumaru ambalo wachongaji wengine walikwisha kuligusa na kuliacha. Ina urefu wa zaidi ya mita 5. Hadi mwaka 1873 ilisimama nje, mbele ya Palazzo Vecchio, jumba la kale la serikali ya mji, na pale iliposimama sasa pana nakala unayoweza kuitazama bure. Wako watakaokwambia nakala inatosha. Mimi nasema haitoshi: mishipa ya mkono wa kulia na namna shingo ilivyokaza, hayo utayaona kwenye jiwe la asili.

Uffizi nayo usiiendee kwa pupa. Jina lake na neno letu "ofisi" vina asili moja, kwani Giorgio Vasari alianza kulijenga mwaka 1560 liwe ofisi za watumishi wa mtawala Cosimo wa Kwanza. Ni jengo la kuchosha miguu. Kabla hujaingia, andika kwenye karatasi picha tano au sita unazozitaka kwa dhati, uanze nazo ukiwa bado na nguvu. Anayetaka kuona kila chumba hufika kwenye picha za mchoraji Botticelli akitafuta kiti.

Hapa kuna mtego wa lugha yetu. Tiketi ikiandikwa 15:30, ni saa tisa na nusu alasiri, na ukiwa umechoka unaweza kujisomea saa tatu na nusu ukaja kesho yake asubuhi. Ziandike saa zote upya kwa Kiswahili kwenye daftari yako. Kumbuka pia kwamba Italia iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Jua lenyewe litakushangaza ukitoka kwetu: mwezi Juni linazama karibu saa tatu usiku, Desemba saa kumi na moja jioni tayari giza. Anayekwenda Desemba apange mambo ya nje asubuhi. Julai na Agosti joto ni kali na mawe ya mji hulihifadhi mpaka usiku. Ukiweza kuchagua, chagua Aprili, Mei au Oktoba.

Sasa shanta. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulipuuza, na ndilo linaloharibu siku kuliko mvua. Accademia hawakubali mabegi makubwa na hawana pa kukuwekea. Kwenye kuba hupandi na begi. Uffizi wana chumba cha kuhifadhia, lakini hiyo ni foleni juu ya foleni. Kwa hiyo, unapotafuta hosteli, bei ya kitanda isiwe swali la kwanza. Waulize kama watakutunzia begi kabla ya saa ya kuingia chumbani na baada ya kutoka, na jibu walitoe kwa maandishi. Wasipokubali, stesheni kuna sehemu ya kuhifadhi mizigo kwa malipo. Hosteli pia zitakudai kodi ya utalii, hesabu ya kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo katika bei uliyolipa mtandaoni. Weka fedha taslimu kidogo kwa hilo.

Ndani ya shanta weka mfuko mdogo mwepesi wa kutembea nao mchana, na ndani ya huo mfuko weka khanga moja au kikoi. Makanisa hayaruhusu mabega na magoti wazi, na mbele ya milango utaona wageni wakinunua vitambaa vya karatasi kwa haraka. Wewe unajitanda, unaingia. Khanga hiyo hiyo utaikalia kwenye majani, utajifunika nayo kwenye treni yenye kiyoyozi kikali, na siku taulo likikataa kukauka itakufaa. Viatu viwe raba ulizokwisha kuzivaa wiki kadhaa, maana barabara zimetandikwa mabamba ya mawe na kiatu kipya kitakuchuna siku ya kwanza. Usisahau adapta: plagi zetu za pini tatu za bapa haziingii kwenye soketi za Italia, ambazo ni za pini za mviringo.

Kwa upande wa karatasi, mwenye pasipoti ya nchi zetu za Afrika Mashariki au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na hayatakiwi kuchelewa kupita siku 15 kabla yake, lakini nafasi za miadi huisha haraka, basi usingoje. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na pasipoti iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya. Ubalozi utataka kuona utalala wapi, kwa hiyo ule uhuru wa kuamua kesho leo jioni umeshapungua kabla hujaondoka nyumbani. Basi utumie ulazima huo: panga siku za Firenze kwa kalenda ya makumbusho, halafu ndipo ujaze fomu.

Ukiwa pale, tembea na pasipoti yenyewe mahali salama mwilini, na picha yake ibaki kwenye simu. Sheria ya Italia inamtaka mgeni aonyeshe hati zake polisi wakizidai, na msafiri mweusi huombwa mara nyingi kuliko wenzake. Inauma, na hakuna maandalizi yanayoondoa uchungu huo, ila hati ikiwapo mazungumzo huwa mafupi.

Treni zina kanuni mbili tofauti na wageni wengi huzichanganya. Ya mwendo kasi, kama ile ya kutoka Roma inayochukua saa moja na nusu hivi, ina kiti na saa maalumu, na bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Hiyo kata mapema. Ya mkoa, mfano ya kwenda Pisa, bei yake haibadiliki, huna haja ya kuharakisha. Lakini tiketi ya karatasi ya treni hiyo lazima uigonge muhuri kwenye mashine ndogo iliyopo jukwaani kabla hujapanda, vinginevyo ni faini hata kama umelipa. Tazama pia kama kuna mgomo wiki hiyo. Neno la kutafuta ni sciopero. Migomo hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mkoa huhakikishwa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na tena kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku.

Jambo la anwani ni dogo, ila lilinizungusha nusu saa. Firenze ina hesabu mbili za namba katika barabara moja. Namba za buluu au nyeusi ni za nyumba za kuishi, nyekundu ni za maduka na biashara. Anwani yenye herufi r baada ya namba ina maana nyekundu, na 20 nyekundu inaweza kuwa mbali kabisa na 20 ya buluu.

Chakula kisikutishe. Kinachoitwa lampredotto, kinachouzwa vibandani, ni tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa taratibu, likakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate uliochovywa kwenye supu yake. Aliyekulia kwenye supu ya utumbo atajisikia nyumbani. Mkate wa kule hauna chumvi, ndiyo desturi ya mkoa huo wa Toscana. Asiyekula nguruwe ajifunze maneno mawili kabla: maiale ni nguruwe mwenyewe, strutto ni mafuta yake. Kahawa inywe umesimama kaunta, kwani ukikaa mezani bei hupanda, na mgahawani utaona coperto kwenye hesabu, ambayo ni malipo ya kukaa tu. Chupa ya maji usinunue kila mara. Beba yako, ujaze kwenye mabomba ya bure. Lipo moja ubavuni mwa Palazzo Vecchio. Na usikae kula kwenye vizingiti vya maduka. Mwaka 2018 mji ulipiga marufuku kula barabarani saa za mlo katika mitaa michache karibu na Uffizi, pamoja na Via de' Neri, kwa faini iliyoanzia euro 150. Wenyeji wamechoka na makombo.

Wezi wa mifukoni wapo stesheni, kwenye mabasi na penye foleni za kanisa kuu. Begi liwe mbele ya kifua. Mikoba ya majina makubwa inayouzwa chini barabarani iache, kwa sababu Italia humtoza faini mnunuzi pia, na faini hiyo inaweza kufika maelfu ya euro.

La mwisho ni kusoma kidogo kabla ya kwenda, na hapa nina hamu yangu mwenyewe. Watu wetu wengi hupita Firenze wakidhani hakuna chochote cha bara letu mle. Mwaka 1441 wajumbe wa Kanisa la Ethiopia walifika kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, uliokuwa ukikutana katika mji huu. Alessandro wa ukoo wa Medici uliotawala mji huu, mtawala wa kwanza wa Firenze kupewa cheo cha kikabaila cha duke, aliyeuawa mwaka 1537, aliitwa il Moro, yaani mtu mweusi, na wanahistoria wengi wanaamini mama yake alikuwa mtumishi mwenye asili ya Afrika. Amezikwa katika kanisa la ukoo wao pale San Lorenzo, ndani ya kaburi la Lorenzo, duke wa Urbino, na wageni wengi hupita wakitazama sanamu za Michelangelo zilizo juu yake bila kujua.

Kisha kuna twiga. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, mkuu wa mji enzi hizo (si yule wa Urbino), twiga hai, na mji mzima ulitoka kumtazama. Hakuishi muda mrefu. Yumo bado ndani ya Palazzo Vecchio, katika chumba chenye jina la Lorenzo, kwenye mchoro wa ukutani wa Vasari na wasaidizi wake, shingo juu ya vichwa vya mabalozi. Chumba hicho huwa hakina msongamano. Alhamisi makumbusho hayo hufungwa saa nane mchana, kwa hiyo ikiwa Alhamisi ndiyo siku yako, anza na twiga asubuhi na Uffizi ikatie tiketi ya alasiri.