Namna ya kupima na kutibu bakteria wa vidonda vya tumbo

Mkazi wa Mtwara au Lindi anayeumwa chembe ya moyo kwa kawaida huanzia duka la dawa, hununua omeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo), hupata nafuu, kisha maumivu humrudia. Ni bora kuanza na kipimo, kwa sababu vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria Helicobacter pylori, ambaye hutengeneza amonia ili kujikinga na asidi, na anaweza kukaa katika ute wa tumbo kwa miaka mingi. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo. Kabla yao lawama ziliangukia pilipili na mawazo, na huku kwetu bado zinaangukia huko.

Omba kipimo cha choo kinachotafuta antijeni, yaani vipande vya bakteria huyo. Kipimo cha damu hakikutoshi, kwani hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, nazo hubaki mwilini hata baada ya bakteria kuondoka. Daktari akikubali, acha omeprazole wiki 2 kabla ya kupima, na usipime kabla ya wiki 4 kupita tangu ulipomaliza antibiotiki yoyote, la sivyo jibu linaweza kuonyesha huna bakteria ilhali unaye. Mweleze pia kama unatumia diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, maana dawa hiyo huleta vidonda hata pasipo bakteria.

Mwenye choo cheusi kama lami, anayetapika damu au anayekonda bila sababu asingoje wiki hizo. Aende hospitali mara moja, iwe Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi.

Tiba huwa ni antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Maliza dozi yote hata maumivu yakikoma siku ya tatu. Ikiwa umepewa metronidazole, usinywe pombe, na katika msimu wa mabibo uraka, yaani pombe ya mabibo, nao umo katika katazo hilo (najua ni mtihani).

Rudia kipimo cha choo angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, ukiwa umeacha omeprazole kama mwanzo. Bakteria akionekana tena, mpelekee daktari cheti cha dawa ulizotumia, ili akuandikie mchanganyiko tofauti.